Chekechea Isigeuzwe Chekeche

"Samaki mkunje angali mbichi," walinena wahenga, nasi tumeipokea kauli hiyo kana kwamba ni mtaala. Mtoto wa miaka mitatu akiketishwa kitini toka asubuhi hadi adhuhuri akinakili herufi asizozielewa, mwalimu huitaja methali hiyo. Akirudi nyumbani na kurasa nne za hesabu za kufanya kabla ya kulala, mzazi naye huitaja. Ni wachache wanaosita kujiuliza samaki anayekunjwa jikoni yumo katika hali gani. Huyo ni samaki aliyekwisha kufa. Mpishi humkunja atakavyo kwa kuwa hana tena utashi wala swali. Mtoto si kitoweo. Wahenga walitukumbusha kwamba malezi huanza mapema. Hawakutuambia tuanze kwa kukizima kile alichokuja nacho mtoto.

Na mtoto huja na kitu. Huja na mikono isiyotulia, na macho yanayotaka kujua, na juu ya yote huja na lugha. Kabla hajaliona lango la shule, amekwisha kuitawala sarufi ya lugha ya nyumbani kwao kiasi cha kuweza kuomba, kukataa, kudanganya, kusimulia na kutania. Hakuna aliyemketisha kitini akamfunza ngeli. Alijifunza kwa kusikiliza, kwa kujaribu, na kwa kujibiwa na watu waliompenda.

Makala haya yananuia kujadili elimu ya awali inayomweka mtoto katikati, yaani ile inayoanzia kwa anachokijua na anachokitenda mtoto mwenyewe badala ya kuanzia kwa anachotaka kukariri mwalimu. Nitazingatia yale ambayo familia na walimu wa hapa kwetu wamepitia katika elimu hii, kisha nitatoa hoja moja. Hoja yenyewe ni kwamba elimu hii haikwami kwa uhaba wa vifaa ghali kama tunavyoambiwa mara kwa mara. Hukwama mlangoni, pale mtoto anapotakiwa aiache lugha yake nje kabla ya kuingia. Ikiwa hivyo ndivyo, basi suala hili ni letu sisi wanafunzi wa Kiswahili kama lilivyo la wenzetu wanaosomea ualimu wa watoto wadogo.

Mbinu iliyozaliwa mitaa ya wanyonge

Watu wengi nchini wakisikia majina kama Montessori au Steiner hufikiria mitaa yenye majani mabichi, magari yanayopanga foleni langoni, na karo inayozidi mshahara wa mwalimu. Dhana hiyo ina sababu zake, ila historia inaipinga.

Friedrich Froebel alipofungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na kuipa miaka mitatu baadaye jina lenye maana ya bustani ya watoto, alikuwa akipinga desturi ya kuwafanya watoto wakariri wasichokielewa. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa vibarua na maskini, ambako wazazi waliondoka alfajiri kwenda kazini na watoto wakabaki wakizurura ngazini. Shule ya kwanza iliyofuata mawazo ya Rudolf Steiner ilianzishwa Stuttgart mwaka 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Na karibu na mji wa Reggio Emilia, Italia, vita vilipomalizika mwaka 1945, wanakijiji waliuza kifaru cha kijeshi kilichoachwa na Wajerumani, pamoja na malori na farasi wachache, wakaanza kuwajengea watoto wao shule. Mwalimu Loris Malaguzzi alijiunga nao, na kutokana na juhudi hizo ukazuka mkabala unaojulikana leo ulimwenguni kote.

Mikabala hii haifanani kwa kila jambo. Montessori humpa mtoto herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa azipapase kwa kidole kabla hajashika kalamu. Shule za Steiner huahirisha kusoma na kuandika hadi mtoto akaribie miaka saba, na hulisha fikra zake kwa ngano na kazi za mikono. Wa Reggio Emilia hulichukua swali la mtoto wakalifanya somo la wiki nzima. Lakini yote huafikiana katika jambo moja: mtoto ndiye mtendaji, na mwalimu ni mtu anayetazama, anayesikiliza na anayeandaa mazingira.

Jambo la kutanabahi ni kwamba elimu iliyobuniwa kwa watoto wa vibarua imefika kwetu ikiwa bidhaa ya wenye nacho. Fauka ya hayo, si kila lango lililoandikwa Montessori lina Montessori ndani. Kuna madarasa ambamo vifaa hivyo vizuri vimepangwa juu ya rafu kama vyombo vya wageni, ilhali watoto wameketi safu kwa safu wakiitikia kwa pamoja kile asemacho mwalimu.

Funzo kutoka Mwambao

Mfano wa kutufaa zaidi hautoki Ulaya. Upo Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa jamii za Kiislamu za Pwani walikuwa na wasiwasi kuhusu watoto wao. Wengi walianza masomo chuoni, kwa maana ya Kipwani ya neno hilo, yaani mahali pa kufunzwa Kurani, lakini walipoingia shule ya msingi walijikuta nyuma ya wenzao waliopitia chekechea. Wazazi nao walisita kuwapeleka watoto katika chekechea ambazo hazikujali dini wala mila zao. Walimwomba Aga Khan msaada, na wakfu wake ukashirikiana na jamii hizo kutafuta njia. Bi Swafiya Said, mwalimu aliyekuwa na tajriba ya miaka mingi, ndiye aliyepewa jukumu la kuongoza. Chekechea ya kwanza ya mradi huo wa madrasa ilianzishwa mwaka 1986. Mradi ulivuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na hatimaye ukazaa chekechea zaidi ya 200.

Mbinu iliyotumika ilichota kutoka mkabala wa HighScope wa Marekani, lakini ikavishwa kanzu na buibui vya hapa. Mtoto huanza kwa kusema anachokusudia kufanya. Kisha hukifanya, katika kona ya nyumbani, kona ya kujenga, kona ya vitabu au nje kwenye mchanga. Akimaliza, huketi na wenzake mkekani akaeleza alichokifanya, kilichomshinda na alichogundua. Kupanga, kutenda, kusimulia: hatua hizo tatu ndizo uti wa mgongo wa asubuhi nzima. Dua na mafunzo ya dini yakawekwa humo humo, mzazi asilazimike kuchagua kati ya imani na shule.

Na vifaa je? Vifuu vya nazi vilipangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo. Vizibo vya chupa vilihesabiwa. Mbegu, makombe, vitambaa na maboksi yakawa maabara. Mama na nyanya walioalikwa kusaidia kuvitengeneza wakatambua kwamba vitu walivyovizoea majumbani vina elimu ndani yake. Walimu wenyewe walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanawake wa mitaa ile ile, ambao wengi wao hawakuwa na mafunzo ya ualimu hapo awali. Walifunzwa kazini, wakatembelewa na wakufunzi madarasani mwao, na kamati za wazazi ndizo zilizozimiliki shule.

Matokeo yalichunguzwa. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliokwenda chekechea ya aina yoyote waliwapita waliobaki nyumbani katika maendeleo ya kiakili, na waliosoma katika chekechea za madrasa wakawapita wenzao wa chekechea nyingine. Haya hayakupatikana kwa karo ya kutisha. Yalipatikana mkekani, kwa vifuu, na kwa mwalimu aliyejua kuuliza swali na kungoja jibu.

Nakuru nako kuna ushahidi wa aina hiyo. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, familia zilizofurushwa makwao zilipiga kambi katika maeneo ya mji huo. Katika kambi ya New Canaan ulianzishwa mradi wa Corner of Hope, ambao ulileta elimu ya Montessori kwa watoto wa wakimbizi hao wa ndani, na watu wa jamii ile ile wakafunzwa kuwa walimu. Mbinu iliyokwenda Roma kwa watoto wa vibarua ilirudi hapo kwa wenyewe.

Hofu ya mzazi ina mizizi

Nimepata fursa ya kuzungumza na walimu na wazazi kadhaa wa chekechea za aina hii, na malalamiko ya mwanzo ya wazazi hayatofautiani: mtoto anacheza tu. Hana daftari lililojaa alama za vyema. Hajui kutaja miezi ya mwaka kwa Kiingereza, ilhali mtoto wa jirani huitaja yote kumi na miwili mbele ya wageni. Mama mmoja, muuza mboga, alimwondoa mwanawe katika chekechea ambayo yeye mwenyewe aliisifu. Alikiri kwamba mtoto alikuwa akirudi nyumbani na maswali mengi, na kwamba alikuwa amejifunza kupima maji kwa vikombe na kumsaidia kuhesabu mafungu ya sukuma. Hata hivyo alimpeleka kwingine, kwa sababu shule aliyoitamani kwa Gredi ya Kwanza huwahoji watoto kabla ya kuwapokea, na huwahoji kwa Kiingereza.

Ni rahisi kwetu tulio chuo kikuu kumsuta mama huyo na kumwambia ana kasumba. Hilo litakuwa kosa. Yeye hakuiweka hiyo foleni, na mwanawe ana nafasi moja tu ya kupita. Kwa miaka mingi mfumo mzima ulikuwa ngazi ya kuelekea mtihani mmoja. Tangu 8-4-4 ianze mwaka 1985, Mtihani wa Darasa la Nane ulikuwa ukiwachuja watoto, na mchujo huo ukateremka ngazi kwa ngazi hadi ukafika kwa mtoto wa miaka mitatu. Hivyo ndivyo chekechea yetu ilivyogeuzwa chekeche: badala ya kuwa mahali pa kuwakuza watoto, ikawa chombo cha kuwachekecha ili wengine wapite na wengine wabaki makapi.

Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi ulikuwa umeanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 katika madarasa ya awali na ya chini ya msingi, na katika maandishi yake unazungumza lugha ambayo Froebel na Bi Swafiya wangeielewa: mtoto agundue, atende, ashirikiane. Lakini mazoea hayafi siku moja na sheria iliyoyazaa. Mlolongo wa vitabu vya mazoezi ungalipo. Mahojiano yangalipo katika baadhi ya shule za kibinafsi. Na kanuni ya kuongea Kiingereza tu, ambayo mtaala wenyewe hauitaki kwa watoto wa umri huo, ingalipo pia.

Mtoto asiye na ulimi

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Rejelea zile hatua tatu: kupanga, kutenda, kusimulia. Mbili kati yake ni kazi ya lugha. Mtoto wa miaka minne anayesema kwamba leo atajenga banda la kuku, liwe na mlango mdogo paka asiingie, amefanya mambo makubwa. Ameona kisichokuwepo, ameona tatizo kabla halijatokea, na amelitafutia ufumbuzi. Mwambie ayaseme hayo kwa lugha aliyoanza kuisikia mwezi uliopita. Atanyamaza, au atanyoosha kidole na kutamka neno moja. Mwalimu naye atahitimisha kwamba mtoto huyu ni mzito. Uzito uko katika lugha aliyotwikwa, wala hauko katika akili yake.

Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1934, alionyesha kwamba mtoto anayejisemesha peke yake huku akicheza hapotezi muda. Anafikiri kwa sauti, na baadaye maneno hayo huzama ndani yakawa fikra. Basi tunapomkataza mtoto kujisemesha kwa lugha anayoijua, tunakatiza fikra zenyewe zikiwa njiani.

Mwalimu mmoja wa chekechea alinisimulia kisa ambacho hadi leo kinamtia uchungu. Shule yake ilikuwa na kona zote, vifaa vyote na picha zote ukutani. Ilikuwa pia na kanuni kwamba mtoto akitaka kwenda msalani aombe ruhusa kwa Kiingereza. Mvulana wa miaka mitatu na nusu alisimama mbele yake akibana miguu. Mwalimu alijua fika anachotaka. Mtoto naye alijua anachotaka. Lakini msimamizi wa shule alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo, na mtoto hakuyakumbuka maneno. Alijikojolea mbele ya wenzake. Kwa wiki nzima baadaye hakusema lolote darasani, kwa lugha yoyote. Ni vifaa gani vya kutoka Ulaya vinavyoweza kufidia wiki hiyo?

Kisa hiki kina historia ndefu. Ngugi wa Thiong'o katika Decolonising the Mind (1986) alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni waliokamatwa wakizungumza Kigikuyu shuleni walivyocharazwa viboko au kuvishwa kibao shingoni. Kibao kimevuliwa katika shule nyingi, lakini aibu yake imerithiwa na watoto wadogo kuliko wale waliovishwa hapo kwanza.

Sera zetu haziungi mkono hali hiyo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 ilipendekeza watoto waanze masomo kwa lugha ya kwao. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilisisitiza lugha ya eneo la shule katika madarasa ya chini, na msimamo huo umeendelea hadi mtaala wa sasa. Tatizo ni kwamba sera imelala kabatini, na mzazi hajapewa sababu ya kuiamini.

Pingamizi na majibu yake

Kuna watakaosema kwamba Kiingereza ni ufunguo wa maisha, na kwamba kumchelewesha mtoto ni kumnyima ufunguo huo. Hakuna anayepinga umuhimu wa Kiingereza. Swali ni njia ipi inayotufikisha huko. Nchini Nigeria, kuanzia mwaka 1970, mradi wa Ife ulioongozwa na Babs Fafunwa uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekimudu vyema. Watoto hao hawakuachwa nyuma katika Kiingereza, na katika masomo mengine walifanya vizuri kuliko wenzao. Anayejua kusimulia kwa lugha moja hujifunza kusimulia kwa nyingine. Asiyepewa nafasi ya kusimulia kwa yoyote hubaki na orodha ya maneno.

Wengine watauliza: katika mitaa ya Nairobi ambako darasa moja lina watoto wa makabila kumi, lugha ya mtoto ni ipi? Jibu tunalisikia kila jioni nje ya madirisha yetu. Watoto wakicheza kalongolongo, wakigombania mpira au wakipangiana zamu, hutumia Kiswahili, hata kama kimevaa mavazi ya Sheng. Sisi watetezi wa Kiswahili sanifu tusiikunjie uso hali hiyo. Mtoto akisema kwa lugha ya mtaani, mwalimu amjibu kwa Kiswahili sanifu bila kumkemea, kama vile mama anavyomjibu mtoto anayeanza kutamka. Usanifu utakuja kwa kusikia.

Na kule ambako watoto wanazungumza Kidholuo, Kikamba, Kitaita au Kigiriama, haki inatutaka tuseme wazi kwamba lugha hizo ndizo zitangulie. Kiswahili kisiwafanyie watoto hao kile ambacho Kiingereza kimekifanyia Kiswahili.

Pingamizi la tatu ni la walimu, nalo ni zito. Darasa lina watoto hamsini, mshahara ni mdogo, na tangu Katiba ya 2010 iikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, hali ya walimu hutofautiana kaunti kwa kaunti, wengi wakiwa wa mkataba. Katika hali hiyo, kumwambia mwalimu amsikilize kila mtoto ni kama dhihaka. Nami nakubali kwamba hakuna mbinu itakayochukua mahali pa mshahara wa haki. Lakini idadi peke yake si kizuizi. Nyumba ya Watoto ya San Lorenzo ilianza na watoto wapatao hamsini, wa umri mbalimbali, na wakubwa wakawaelekeza wadogo. Kuelekezana huko kunawezekana tu pale watoto wanaporuhusiwa kusemezana, na watoto hawasemezani kwa lugha wasiyoijua. Darasa kubwa linaloruhusu lugha ya watoto lina walimu hamsini wadogo. Darasa kubwa linaloikataza lina mwalimu mmoja aliyechoka.

Wajibu wetu wanachama

Kwa nini basi niyaseme haya katika jarida la chama cha Kiswahili? Kwa sababu mengi yanayokosekana yako mikononi mwetu.

Kwanza, walimu wanahitaji lugha ya kazi. Kiswahili kina pembetatu, mraba, mstatili na duara. Kina zambarau, kahawia na rangi ya waridi. Kina juu ya, chini ya, kando ya na baina ya. Hata hivyo, walimu wengi huyataja hayo kwa Kiingereza kwa sababu hawajawahi kuyasikia yakitumiwa darasani. Tunaweza kuandaa vijitabu vya maneno na maswali ya mwalimu wa chekechea: unafikiri nini kitatokea, umejuaje, tujaribu njia ipi nyingine.

Pili, kuna hazina ya kukusanywa. Taasisi ya Elimu ya Kenya ilipoendesha mradi wa elimu ya chekechea kuanzia mwaka 1971 hadi 1982 kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer, na kituo cha taifa cha NACECE kilipoanzishwa mwaka 1984 na kufuatwa na vituo vya wilaya, mazingira ya mtoto na utamaduni wa jamii yake vilipewa nafasi ya heshima. Kazi hiyo inatungoja tuiendeleze. Paukwa ya bibi, kitendawili cha jioni na mchezo wa ukuti ni masomo ya lugha, hesabu na mwendo wa mwili kwa wakati mmoja. Kila mmoja wetu huenda likizo mahali penye wazee na watoto.

Tatu, kuna uhaba wa vitabu vya Kiswahili kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, vyenye maneno machache na hadithi ya kweli, visivyo tafsiri za hadithi za theluji. Miongoni mwetu wamo washairi wanaoshindana kutunga tarbia za vina vigumu. Kumtungia mtoto sentensi nane nyepesi zenye uhai ni mtihani mkali zaidi wa ufundi.

Nne, na huenda hili ndilo kubwa, kuna mzazi wa kuzungumza naye. Yule mama muuza mboga hatashawishika kwa waraka wa wizara. Atashawishika akimwona kijana aliyefika chuo kikuu akimwambia, kwa Kiswahili na kwa heshima, kwamba maswali ya mwanawe ndiyo elimu yenyewe, na kwamba kupima maji kwa vikombe ni hesabu kabla ya hesabu kupata jina. Mikutano ya wazazi, mabaraza ya chifu, misikiti na makanisa yetu ni majukwaa yaliyo wazi.

Bi Swafiya na wenzake hawakungoja jengo wala mtambo. Walianza na wanawake wa mtaani, mikeka na vifuu, wakamwachia mtoto ulimi wake. Sisi tuna maktaba, tuna jarida, na tuna chama kinachojiita cha Kiswahili. Tunadaiwa na chuo kile kidogo cha Mwambao.

Likizo ijayo, kila mwanachama aitafute chekechea iliyo karibu na kwao, aombe ruhusa, aketi mkekani na asikilize kwa saa moja bila kusahihisha mtu. Aandike maneno ya watoto kama walivyoyasema, pamoja na mahali walipoyasema na mahali waliponyamaza. Hiyo itakuwa ripoti inayofaa kusomwa katika kurasa hizi.